Penseli Kwanza: Mwongozo wa Jioni za Mchora Katuni wa Ridhaa

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayechora katuni kwa mapenzi tu, ambaye mchana anafanya kazi nyingine ya kumpatia riziki, na ambaye jioni, akisharudi nyumbani, hujikuta anavutwa na mambo matatu kwa wakati mmoja: karatasi yake, mchezo wa njozi ulio katika kompyuta, na filamu ya katuni aliyoletewa na rafiki ndani ya flashi. Mimi mwenyewe ni mtu wa namna hiyo. Ninakaa Busia, upande wa Uganda, ninafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta njia ya kuyafanya mambo hayo matatu yasaidiane badala ya kunyang'anyana saa chache nilizo nazo. Njia niliyoipata si ya kujinyima. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba mchoraji makini aache michezo na filamu, kwa sababu mchoraji wa viumbe vya njozi asiyetazama kazi za wenzake hubaki akirudia nyuso zile zile tatu alizozizoea tangu shule ya msingi. Ninachosema ni kwamba penseli itangulie, na kwamba mchezo na filamu vipitie katika daftari kabla ya kuhesabiwa kuwa vimekwisha.

Kupanga saa

Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, bila tofauti kubwa ya majira. Kwa hiyo mtu anayetoka kazini saa kumi na moja ana muda wa nuru ya jua ambao anaweza kuutegemea kila siku, na nuru hiyo ndiyo inayofaa karatasi, kwa kuwa inaonyesha weusi na weupe wa mstari jinsi ulivyo, tofauti na taa ya manjano inayodanganya macho. Skrini haihitaji jua. Kwa kweli huonekana vizuri zaidi giza likisha kuingia. Hiyo ndiyo sababu ninachora kwanza, nje barazani, kwa dakika 40 au zaidi kidogo, kisha baada ya chakula cha jioni ndipo ninapofungua kompyuta kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Dakika kumi na tano za mwisho kabla ya kulala ninazirudisha kwa daftari: ninachora kwa kumbukumbu jambo moja tu nililoliona usiku huo.

Usiweke mchezo na filamu katika jioni moja. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara kile kilichotangulia kilifutwa na kile kilichofuata, hata dakika zile kumi na tano za mwisho zikawa hazina kitu cha kushika. Ni afadhali Jumatatu na Jumatano ziwe za filamu, Ijumaa iwe ya mchezo, na siku nyingine ziwe za kuchora peke yake. Kuna mwaka mmoja ambapo nilicheza kila usiku wa mwezi wa Desemba bila kugusa penseli, nikiamini kwamba macho yanajifunza yenyewe. Januari ilipofika, mistari yangu ilikuwa mizito na mikono ya wahusika wangu imekakamaa kama vijiti, na ilinichukua majuma kadhaa kuurudisha wepesi niliokuwa nao. Macho hujifunza, lakini mkono hujifunza peke yake na kwa wakati wake.

Vifaa

Sitakaa sana hapa, kwa sababu wengi hukwama katika kununua vifaa na hawafiki kwenye kuchora. Rimu moja ya karatasi za A4 ina karatasi 500. Ukichukua karatasi 20, ukazikunja katikati na kuzishona kwa uzi katika mkunjo, unapata daftari la kurasa 80, na rimu nzima inatoa madaftari 25 ya namna hiyo, ambayo ni kazi ya miaka miwili kwa mchoraji wa jioni. Ongeza penseli ya HB, penseli ya 2B, raba, kichongeo, na biro nyeusi. Kwa wenye kompyuta, programu ya kuchorea iitwayo Krita hupatikana bila malipo, ina sehemu ya kuhuisha michoro, yaani kuifanya ionekane ikitembea, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Inatosha.

Kutazama filamu kwa macho ya mchoraji

Filamu moja itazamwe mara tatu, na kila mara kwa nia tofauti. Mara ya kwanza weka penseli mbali kabisa, ukae na jamaa zako, ucheke panapochekesha na uogope panapotisha, kwa maana mtu asiyeguswa na hadithi hawezi kujua ni mahali gani mchoraji alifaulu. Mara ya pili zima sauti. Bila sauti utagundua upesi ni wahusika gani wanaosema kwa miili yao na ni wepi wanaotegemea midomo tu, na utaandika katika daftari saa na dakika ya tukio moja lililokushika. Mara ya tatu huitazami filamu nzima. Unarudi kwenye tukio lile moja tu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Tukio hilo lisizidi sekunde tatu. Najua linaonekana jambo dogo mno, lakini hebu tuhesabu. Filamu ya sinema hupita kwa fremu 24, yaani picha 24 zilizotulia, katika kila sekunde, hivyo sekunde tatu ni fremu 72. Katika filamu nyingi zilizochorwa kwa mkono kila mchoro hushikiliwa kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja huwa na michoro 12, na sekunde zako tatu huwa na michoro 36. Mtu aliyetoka kazini hawezi kusoma zaidi ya hiyo kwa jioni moja na bado akaelewa.

Fungua filamu kwa programu ya VLC, ambayo pia haina malipo, uisimamishe mahali unapopataka, kisha ubonyeze herufi E kwenye kibodi. Kila unapobonyeza, picha husogea fremu moja. Ikiwa unatazama YouTube kwenye kompyuta, simamisha video kisha utumie kitufe cha nukta kusonga mbele fremu moja na kitufe cha mkato kurudi nyuma. Bonyeza polepole huku ukihesabu kwa sauti. Utaona kwamba kuna mahali mchoro unakaa fremu mbili, mahali pengine nne, na mahali pengine mhusika anaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa michoro miwili tu, akiwa amerefuka kama mpira uliovutwa. Filamu zilizotengenezwa kwa miili ya kompyuta mara nyingi hubadilika katika kila fremu, kwa hiyo anayeanza achague kwanza zilizochorwa kwa mkono, ambazo ndani yake hatua za mchoraji zinahesabika.

Baada ya kuhesabu, chora visanduku sita, kila kimoja ukubwa wa kibiriti, na ndani yake uweke michoro sita tu ya tukio lile: mhusika akiwa ametulia, akijiandaa, akianza tendo, akiwa katikati ya tendo, tendo likiwa limefika, na mwili ukitulia tena. Usichore nyuso. Chora mstari mmoja wa uti wa mgongo, kichwa cha duara, na miguu. Michoro sita ya namna hii humfundisha mtu zaidi ya ukurasa mmoja wa kunakili sura ya mhusika anayempenda, na mimi nilipoteza muda mrefu kwa kunakili sura kabla ya kulitambua hilo.

Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi ya kuhuisha michoro katika kampuni ya Disney kwa miongo kadhaa, walichapisha mwaka 1981 kanuni kumi na mbili za kazi hiyo. Zote zina faida, lakini kuna tatu ambazo mchora katuni anaweza kuziona mtaani kabla hajaziona katika filamu. Ya kwanza ni maandalizi kabla ya tendo. Mtazame mama anayeinua jerikeni la lita 20 kwenye bomba: kabla jerikeni halijainuka, yeye hushuka, hukunja magoti, huvuta pumzi, na bega lake huenda upande wa pili. Ukimchora akiwa tayari ameliinua, msomaji haoni uzito. Ukimchora wakati ule wa kushuka, uzito unauona hata kama jerikeni lenyewe ni mraba mtupu. Ya pili ni kubonyea na kurefuka, na mwalimu wake ni mpira wa majani ya mgomba ambao watoto hupiga uwanjani, kwa sababu mpira huo laini hubonyea waziwazi unapogonga ardhi. Ya tatu ni kwamba sehemu zilizolegea huchelewa. Mwanamke aliyevaa gomesi, lile vazi refu la huku Uganda linalofungwa mshipi kiunoni, akisimama ghafla barabarani, mwili wake husimama, lakini ncha za mshipi zinaendelea kwenda mbele kisha zinarudi. Mara nilipolielewa jambo la mshipi wa gomesi, majoho ya wachawi wangu na mikia ya majoka yangu ilipata uhai.

Kuna filamu tatu ambazo ningependa mchoraji wa huku kwetu azitafute, kila moja kwa sababu yake. "Flow" ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, haina neno hata moja la kusemwa. Paka na wanyama wenzake wanasafiri katika mashua wakati dunia imejaa maji, na hofu ya paka huyo unaisoma katika masikio na mgongo wake. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bure, na mwaka 2025 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni. Ya pili ni fupi, "Herderboy", ya Mganda Raymond Malinga, iliyo miongoni mwa filamu kumi za mkusanyiko wa "Kizazi Moto" wa mwaka 2023. Humo utawaona wachungaji wa ng'ombe wa ufalme wa Wachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi ya huku kwetu, wakiwa wamepelekwa katika wakati ujao, na kwangu mimi faida yake kubwa ni kuona jinsi fimbo, ng'ombe na mkao wa mchungaji tunaomjua vinavyoweza kubeba njozi bila kuazima ngome za Ulaya. Ya tatu nitaitaja nitakapofika kwenye habari za umeme.

Si kila mtu ana kompyuta, na wengi wetu filamu tunazitazama katika kibanda cha video, ambako VJ hutafsiri na kusimulia kwa Kiganda juu ya sauti ya wahusika. Huko huwezi kusimamisha picha. Basi fanya hivi: ukitoka nje, kabla hujazungumza na mtu, chora kwa kumbukumbu maumbo matatu ya wahusika yakiwa meusi matupu, kama vivuli. Wale uliowakumbuka ndio waliobuniwa vizuri. Tena msikilize VJ mwenyewe kwa makini, kwa sababu msimulizi hodari humpa kila mhusika sauti yake na neno lake la kurudia, hata aliyeketi nyuma kabisa anajua ni nani anayesema. Katuni ya gazetini inahitaji ustadi huo huo. Waliokua wakimsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo walimtambua kabla ya kusoma neno lolote.

Kucheza kwa faida ya mchoro

Kwa mchoraji, mchezo bora ni ule unaongoja. Michezo ya mbio na mapigano ya haraka inazitaka mikono yote miwili na macho yote mawili kwa wakati wote, na ukisimama kuchora umeshakufa ndani ya mchezo. Michezo ya zamu, ambayo kila upande hucheza kisha unangoja mwenzake, hukuruhusu kuweka kidole pembeni, kushika penseli, kuchora kile unachokiona, na kurudi ukiwa hujapoteza chochote.

Ninaoucheza zaidi ni The Battle for Wesnoth, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na David White na ambao tangu hapo umeendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Haulipiwi, hufanya kazi katika kompyuta za zamani, na unaweza kuucheza bila intaneti. Uwanja wake umegawanywa katika vyumba vyenye pande sita kama sega la nyuki, na saa za mchana na usiku hupita kadiri zamu zinavyopita: baadhi ya wapiganaji huwa na nguvu juani na wengine gizani. Kwa mchoraji, jambo hilo peke yake ni somo, kwa sababu linakulazimisha kujiuliza kiumbe wako ni wa saa ngapi, na jibu likipatikana, unajua kama macho yake yawe makubwa au madogo, na kama ngozi yake iwe ya kung'aa au ya kunyonya nuru.

Somo lililo kubwa zaidi limo katika ukubwa wa picha. Kila chumba cha uwanja huo ni pikseli, yaani nukta ndogo za skrini, 72 kwa 72, na kwa kawaida mpiganaji mzima, pamoja na upinde wake au shoka lake, huenea humo. Hapo hakuna nafasi ya kope wala vifungo vya shati. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni mpaka wa nje wa mwili. Fanya zoezi hili kila Ijumaa: chora mraba wa sentimita mbili, umweke mhusika wako ndani, umjaze weusi wote kwa biro, kisha ulisimamishe daftari upande wa pili wa chumba na kumuuliza mtu wa nyumbani ni nani huyo na anataka kufanya nini. Asipojua, usimweleze. Futa, chora tena.

Mchezo wa mezani nao una nafasi yake, na mimi ninauheshimu kuliko ule wa kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao mtu mmoja anasimulia safari na wengine wanaamua wahusika wao wafanye nini, huku dadu zikiamua kama wamefaulu. Wazo lake la msingi unaweza kulitumia bila kununua kitu. Kila mhusika ana sifa sita, ambazo kwa Kiswahili sisi tunaziita nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Chukua dadu tatu za ludo, zirushe pamoja, ujumlishe. Jumla ambayo haiwezi kuwa chini ya 3 wala kuzidi 18 ndiyo kipimo cha sifa ya kwanza. Rudia mara sita. Kwa kawaida utapata namba za katikati, 9 au 10 au 11 au 12, kwa sababu njia za kuzipata ni nyingi, lakini 18 hutokea kwa wastani mara moja katika mara 216, na ikitokea mhusika huyo anastahili ukurasa mzima.

Sasa umchore kama dadu zilivyosema. Nguvu 5 na hekima 16: mabega membamba, shingo iliyoinama, lakini macho yanayotazama moja kwa moja, na fimbo inayobeba uzito wa mwili. Mvuto 4 na wepesi 17: mtu ambaye watu humkwepa njiani, lakini ambaye vidole vyake havitulii. Ninaamini hii ndiyo faida kuu ya mchezo huu kwa mchoraji, kwamba dadu haziijui tabia ya mkono wako na hazikuonei huruma. Mkono ukiachwa peke yake huchora kile ulichochora jana. Nilikuwa sijalitambua tatizo hilo ndani yangu mpaka mpwa wangu, aliye darasa la sita, alipoinua karatasi mezani na kusema, "Mjomba, zimwi huyu ni yule yule wa Jumamosi iliyopita, umemvika kofia tu." Nilimwangalia zimwi huyo nikaona kweli ni yeye. Tangu siku hiyo hakuna kiumbe anayeingia katika mchezo wetu bila kurushiwa dadu kwanza.

Mchezo wenyewe hutumia pia dadu ya pande 20, ambayo huku si rahisi kuipata. Badala yake, kusanya vifuniko 20 vya chupa za soda, uviandike namba 1 hadi 20 kwa ndani, uvitie katika kikombe kipana, na kila mchezaji achomoe kimoja bila kutazama kisha akirudishe. Kwa vipande vya kusogeza, tunatumia sarafu zetu wenyewe. Sarafu ya shilingi 100 ina fahali mwenye pembe ndefu, na huyo ni mpiganaji wa nchi kavu. Ya 200 ina samaki, na huyo ni kiumbe wa ziwani. Ya 500 ina kichwa cha korongo mwenye taji, na huyo ndiye anayeruka. Uwanja tunauchora kwa chaki juu ya meza. Mmoja wetu asimulie, na yule asiye na zamu achore. Kila mchezo ukiisha, michoro iwekwe tarehe na kushonwa katika daftari moja, ili hadithi isipotee.

Kubuni viumbe kutoka kwa vilivyo karibu

Anayecheza na kutazama sana hupata hatari moja: viumbe wake huwa nakala za nakala. Joka alilolichora msanii wa Marekani kwa kumtazama mjusi wa kwao, wewe ukilichora kwa kulitazama joka lake, limekwisha kupoteza mjusi. Dawa yake ni kumchukua mnyama ambaye wewe mwenyewe umemwona. Mimi hutumia sheria ya sehemu tatu: mwili kutoka kwa mnyama mmoja, ngozi kutoka kwa mwingine, na mwendo kutoka kwa wa tatu, na wote watatu wawe wamesimama mbele ya macho yangu angalau mara moja.

Uganda inatupa vingi. Katika kinamasi cha Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, yupo ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye husimama bila kutikisika kwa muda mrefu na kisha kuangukia samaki kwa ghafla. Sijaona katika mchezo wowote mlinzi wa lango anayetisha kuliko yeye. Ng'ombe wa Ankole ana pembe ambazo mchoraji wa mbali angedhani zimetiwa chumvi. Katika milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, mimea ambayo kwingineko ni ya kimo cha goti imekua mirefu kuliko mtu, na picha zake zinatosha kujenga msitu mzima wa njozi. Na ikiwa una nauli ya kwenda Kampala, Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, lina ngoma, mikuki na vyombo ambavyo unaweza kuvichora ukiwa umeketi, ukaviweka mikononi mwa wahusika wako vikiwa na umbo lao la kweli.

Hadithi nazo ziko. Waulize wazee kuhusu Lukwata, yule kiumbe wa ziwani anayesimuliwa katika masimulizi ya watu wa Ziwa Viktoria, na uchore kila mzee anavyomwelezea kabla hujaamua wako aweje. Chukua habari ya Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Waganda, alipokwenda mbinguni kumposa Nambi. Ggulu, baba wa binti, alimpa majaribu: ale chakula kingi kuliko uwezo wa mtu, apasue kuni kutoka katika mwamba, alete maji ya umande, na mwishowe amtambue ng'ombe wake katika makundi makubwa, ambapo nyuki ndiye aliyemsaidia. Anayecheza michezo ya njozi atatambua mara moja kwamba hizo ni hatua za mchezo, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Zichore katika visanduku sita, na kisanduku cha sita kiwe ni Nambi akigeuka kurudi kuchukua mtama wa kuku wake, huku Walumbe, yaani Mauti, akiwa bado haonekani. Ukiweza kumfanya msomaji amhisi Walumbe bila kumchora, umefika mbali.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote. Baadhi ya masimulizi haya kwa watu wengine ni ibada. Pale Mubende, kwenye mti wa Nakayima, watu huja kuomba. Mchoraji anayekwenda huko aombe ruhusa kwa wanaopatunza, achore mti na mizizi yake, na asimchore mtu aliye katika maombi.

Kuhusu kunakili kazi za wengine, katika daftari lako la mazoezi nakili utakavyo, ukiandika pembeni jina la aliyeichora. Kuuza nakala hiyo, au kuichapisha kwa jina lako, ni jambo jingine, na Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inayowalinda wachoraji, wewe ukiwemo.

Umeme ukikatika

Jioni ambayo umeme umekatika na betri ya kompyuta imekwisha si jioni iliyoharibika. Mwaka 1926, huko Ujerumani, Lotte Reiniger alimaliza filamu ndefu ya katuni kuhusu mwanamfalme Achmed, kwa kutumia visa vya Alfu Lela Ulela, na wahusika wake walikuwa vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kwa mkasi na kuungwa viungo. Hiyo ndiyo filamu ya tatu niliyoahidi kuitaja, na ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyobaki hadi leo. Reiniger alivilaza vipande hivyo juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, kamera ikiwa juu, akavisogeza kidogo kidogo na kupiga picha baada ya kila kisogezo, kwa muda wa miaka mitatu.

Wewe unahitaji boksi la biskuti, mkasi mkali na uzi. Chora mhusika kwa ubavu, kwa sababu kivuli hakina macho na sura yote hutegemea pua, kidevu na mkao wa shingo. Kata kiwiliwili, mikono na miguu mbalimbali, ukiacha nyama ya ziada ya sentimita moja kwenye kila kiungo ili vipande vilaliane. Toboa kwa sindano, pitisha uzi, funga fundo kila upande, na uhakikishe mkono unazunguka bila kulegea mno. Tandaza shuka jeupe mlangoni, weka taa ya sola au tochi ya simu nyuma yake, na uwachezeshe watoto wa nyumbani hadithi ile mliyoianza Jumamosi kwa dadu. Usitumie mshumaa karibu na boksi na shuka. Ukisogeza kikaragosi karibu na taa kivuli chake hukua na kufifia, na ukikisogeza karibu na shuka hupungua na kukolea. Zimwi la urefu wa kiganja linaweza kujaza mlango mzima.

Simu ikiwa na chaji ya kutosha, unaweza kuifunga juu ya viti viwili, kuweka kipande cha kioo cha dirisha chini yake na taa chini ya kioo, na kupiga picha 12 kwa kila sekunde ya mwendo unaoutaka. Hatua moja ya mhusika, mguu wa kulia na wa kushoto, itakuchukua karibu saa nzima mara ya kwanza. Vikaragosi vikishatumika vilazwe kati ya kurasa za gazeti kuukuu, miguu ikiwa imenyooshwa, na kitu kizito kiwekwe juu, kwa kuwa boksi lililopata unyevu wa usiku hujikunja, na asubuhi kiungo kilichojikunja hakizunguki tena.